Betri za Jua: Hesabu Kwanza, Sifa Baadaye

Mfanyakazi apokeapo mshahara wake mwisho wa mwezi hujua barabara kodi ya chumba ni kiasi gani, nauli ni kiasi gani, unga na mafuta ni kiasi gani. Mkulima naye auzapo mazao yake huitenga fedha ya mbegu na ya ada ya watoto kabla hajafika nyumbani. Lakini tuwaulize wote wawili: mwaka jana mlinunua betri za tochi na redio kwa shilingi ngapi? Ni wachache watakaoweza kujibu. Betri hununuliwa jozi kwa jozi, jioni giza linapoingia, kwa chenji iliyobaki mfukoni. Hakuna aiandikaye fedha hiyo, na fedha isiyoandikwa huondoka bila kuaga.

Leo twataka kuizungumzia fedha hiyo, kwa kuwa siku hizi masokoni zimeenea betri za kuchaji pamoja na paneli ndogo za kuzichaji kwa jua, na kila mtu ana neno lake juu yake. Wauzaji husema kuwa ukinunua mara moja umemaliza, hutanunua betri tena maishani mwako. Wengine, waliozinunua zikafa baada ya miezi mitatu, husema ni ulaghai mtupu ulioletwa kuwanyonya wananchi. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hawakupiga hesabu. Betri za jua zafaa, tena zafaa sana, kwa nyumba izitumiayo kila siku, kwa majirani wanaokubali kuchangia, na kwa mnunuzi ajuaye anachonunua. Kwa wengine zaweza kuwa hasara. Tutaeleza kwa nini.

Betri ni kitu gani

Betri tuliyoizoea, ile ya kutumia na kutupa, ni kitu cha zamani. Mfaransa Georges Leclanché aliibuni aina yake mwaka 1866, na hata leo betri nyingi za bei nafuu madukani ni wajukuu wa kazi ile: kikopo cha zinki, kijiti cha kaboni katikati, na baina yao dawa. Umeme hutoka kadiri zinki inavyoliwa. Zinki ikisha, betri imekufa. Wako ndugu zetu wazianikao betri zilizokwisha juu ya bati wakitumaini kuwa jua litazifufua. Hupata mwanga wa muda mfupi tu, kisha betri hutoa maji makali yanayoula mwili wa tochi.

Betri ya kuchaji ina tabia nyingine. Umeme unapotoka dawa iliyomo hubadilika, na umeme unapoingizwa dawa hiyo hurudi katika hali yake ya kwanza. Waldemar Jungner wa Sweden aliitengeneza ile ya nikeli na kadimi mwaka 1899. Kadimi ni sumu, na kwa sababu hiyo betri za namna hiyo zimeachwa katika matumizi mengi ya nyumbani. Iliyoshika nafasi yake, na ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, ni ile yenye herufi NiMH ubavuni, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Za mwanzo zilikuwa na ila moja kubwa: ukiziweka tu kabatini, nguvu zao zilivuja zenyewe wiki kwa wiki. Tangu mwaka 2005 zimepatikana zile zinazozitunza nguvu zake kwa miezi mingi, na hizo ndizo zimfaazo mtu wa kawaida.

Paneli ya jua nayo haina uchawi. Wataalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani waliionyesha dunia ile ya silikoni mwezi wa Aprili mwaka 1954. Wakati huo iligeuza asilimia 6 tu ya nguvu za jua kuwa umeme. Paneli nzuri za leo hugeuza asilimia 20 na zaidi. Na kuhusu jua lenyewe, hatuna haja ya kumwomba mtu. Katika sehemu nyingi za Tanzania, nguvu za jua za siku moja, zikikusanywa pamoja, ni sawa na saa nne hadi sita za jua la utosini lisilo na wingu. Nchi nyingi za Ulaya zilizofunika mapaa yao kwa paneli hazina neema hiyo.

Hesabu ya nguvu

Basi tupige hesabu ya kwanza. Betri moja ndogo ya NiMH, ya ukubwa ule unaotiwa katika redio ndogo na saa ya ukutani, huandikwa 2000 mAh na volti 1.2. Ukizidisha utapata wati-saa 2.4. Betri nne ni karibu wati-saa 10. Kuzijaza kwataka zaidi ya hizo, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Tuseme wati-saa 14.

Paneli ya wati 5, yenye ukubwa kama wa daftari kubwa la shule, ikipata saa tano za jua zuri, kwa karatasi yatoa wati-saa 25. Lakini karatasi haina vumbi. Ukitoa hasara ya joto la bati, ya vumbi, ya jua la pembeni asubuhi na jioni, na ya chaja yenyewe, zabaki kama 15. Maana yake ni kwamba paneli ya wati 5 hujaza betri nne kwa siku moja njema. Paneli ya wati 1, ambayo ndiyo aghalabu hupachikwa juu ya vichaji vya bei ya chini kabisa, itahitaji siku tano kwa kazi hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi walipotapeliwa. Walinunua paneli ya ukubwa wa kiganja, wakaiacha juani siku moja, tochi ikawaka nusu saa, nao wakalilaumu jua.

Na betri zikijaa zafanya nini? Tochi au taa ndogo ya LED yenye kula nusu wati, ikitiwa jozi moja, huwaka saa nane au tisa. Jozi ndogo ya kaboni na zinki, ile ya kutupa, hutoa nusu ya hapo au pungufu. Wako wasemao kuwa volti 1.2 haitoshi mahali palipotengenezwa kwa volti 1.5. Wasiwasi huo hauna msingi mkubwa. Betri ya kutupa huanza na volti 1.5, lakini hushuka upesi ikapita 1.2 na kuendelea kushuka, na vyombo vingi vimetengenezwa kuuvumilia mshuko huo. Ile ya NiMH hukaa karibu na 1.2 mpaka inapokaribia kwisha. Ni vyombo vichache tu vinavyoikataa.

Lakini tusidanganyane. Betri hizi ni za tochi, taa ndogo, redio na saa. Haziwezi pasi, haziwezi jiko, haziwezi jokofu. Pasi moja ya umeme yenye wati 1,000 ingezimaliza betri nne kabla dakika moja haijatimia. Mtu akikuuzia betri za jua kwa kukuahidi kuwa utapikia, mwache na bidhaa yake.

Hesabu ya fedha

Sasa tuje kwenye mfuko. Bei tutakazozitaja ni za mfano. Kila msomaji aweke zile za duka lake. Tuseme jozi moja ya betri za kutupa ni shilingi 1,500, na nyumba hutumia jozi mbili kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 36,000. Tuseme tena paneli ya wati 5 na chaja yake ni shilingi 40,000, na betri nne halisi za NiMH ni shilingi 20,000; jumla 60,000. Nyumba hiyo itairudisha fedha yake baada ya miezi ishirini. Betri nzuri huchajiwa mara 500 na zaidi, lakini umri nao huichosha hata kama haikutumika sana, kwa hiyo tuhesabu miaka mitatu tu. Kwa miaka mitatu nyumba hiyo ingetumia shilingi 108,000 kwa betri za kutupa. Kwa jua imetumia 60,000. Zimebaki 48,000, na paneli bado ni nzima.

Lakini tazameni nyumba ya pili, ambayo hununua jozi moja kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka ni shilingi 9,000 tu. Nyumba hii ikinunua vyombo vya shilingi 60,000 itangoja zaidi ya miaka sita kuirudisha fedha yake, na kabla ya hapo betri zenyewe zitakuwa zimechoka. Kwa nyumba hiyo, ikiwa peke yake, betri za jua hazifai, na asemaye kuwa zinafaa kila mahali anatafuta mteja.

Lakini hapo pana jambo moja ambalo hesabu ya shilingi haiwezi kulionyesha lote. Kwa nini nyumba ya pili hutumia kidogo? Mara nyingi si kwa kuwa haihitaji mwanga. Ni kwa kuwa mwanga hupimwa kama sukari. Mtoto huambiwa azime tochi alale kabla hajamaliza hesabu za mwalimu. Mama huenda kumtazama mgonjwa kwa kupapasa. Redio huwashwa kwa taarifa ya habari tu, kisha huzimwa. Ubahili huo haukutoka katika tabia ya watu wetu. Umetokana na bei. Maadam kila saa ya mwanga hulipiwa, maskini hulala mapema.

Nyumba tano, paneli moja

Ndiyo maana twasema dawa ya jambo hili ni ushirika. Tumekwisha kuona kuwa paneli moja ya wati 5 hujaza betri nne kwa siku moja njema, na nyumba moja haihitaji kujaza kila siku. Basi nyumba tano zikiwa na paneli moja, kila nyumba ikawa na siku yake katika juma, zabaki siku mbili za akiba kwa ajili ya mawingu. Mchango wa paneli na chaja ni shilingi 8,000 kwa kila nyumba badala ya 40,000.

Nyumba ile ya kwanza sasa itatoa 8,000 za mchango na 20,000 za betri zake nne, jumla 28,000, nayo itarudisha fedha yake kabla mwezi wa kumi haujaisha. Nyumba ya pili ikinunua betri mbili tu itatoa 18,000, nayo itarudisha katika miaka miwili, badala ya sita na ushei. Tena itapata saa kama tisa za mwanga kila juma, ambapo zamani ilipata chache kwa mwezi mzima. Jambo lililokuwa hasara kwa mmoja limekuwa faida kwa watano.

Watu wetu hawahitaji kufundishwa kuchangia. Nyumba kumi huchangia msiba, huchangia harusi, huchangia nauli ya mgonjwa. Kinachotakiwa hapa ni utaratibu mdogo tu: daftari moja la zamu, mtu mmoja mwaminifu wa kuitunza paneli, na kila nyumba kutia alama betri zake kwa rangi ili zisichanganyike. Betri za umri mmoja zikae pamoja. Ukitia nzima na kuukuu katika tochi moja, ile kuukuu huisha mapema, na ile nzima huilazimisha mpaka ikaharibika kabisa.

Kuna ushauri mwingine wa mtunzaji. Paneli ikae juani, lakini betri zikae kivulini. Kichaji kilichofungwa pamoja na paneli juu ya bati la moto huzipika betri, na joto kupita nyuzi 45 hupunguza umri wake sana. Waya wa mita mbili tatu unaoshuka mpaka chini ya upenu ni bora kuliko chombo cha fahari kilichoungana. Tawi la mwembe likitia kivuli sehemu ndogo tu ya paneli, umeme wote waweza kupungua mno, kwa hiyo mahali pachaguliwe vizuri. Paneli iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, na kiangazi ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Chaja nayo iwe na kizuizi cha kutoruhusu umeme urudi kwenye paneli usiku, kiitwacho daiodi. Bila hicho, kilichoingia mchana chaweza kuvuja usiku.

Hila za sokoni

Tumesema kuwa mnunuzi sharti ajue anachonunua. Twayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa hakuna kilichoirudisha nyuma kazi hii kuliko bidhaa za uongo. Watafiti waliowafuata watumiaji wa tochi za LED za bei ya chini huko Kenya kwa miezi sita walikuta kuwa walio wengi walipata hitilafu katika muda huo mfupi. Mtu aliyeibiwa mara moja hanunui tena, hata akiletewa kitu kizuri. Mwongo mmoja sokoni huwafungia mlango wakweli kumi.

Zipo alama tatu ambazo kila mtu aweza kuzitambua bila kuwa fundi. Ya kwanza ni namba. Betri ndogo ya NiMH, hata iwe bora namna gani, haifiki 3000 mAh. Ukiona imeandikwa 4000 au 5000, aliyeiandika amekudhania mjinga. Ya pili ni uzito. Betri kubwa halisi ya NiMH, ile ya tochi za zamani na redio za mezani, ina uzito wa gramu zipatazo 150. Viwanda vingine hutia betri ndogo ndani ya ganda kubwa na kuliuza kama betri kubwa. Mizani ya sukari dukani yatosha kuwa shahidi. Ya tatu ni volti. Zipo betri za lithiamu zenye umbo lile lile la betri ndogo lakini zina volti 3.7, ukizitia katika tochi ya kawaida utaiunguza, na ukizichaji kwa chaja ya NiMH zaweza kuwaka moto. Asomaye ubavu wa betri kabla ya kulipa hujiokoa na hasara na hatari pia.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaotuuliza: ya nini kuhangaika na betri ndogo wakati umeme wa gridi unakuja? Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007 nguzo zimefika katika vijiji vingi mno, na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Hizo ni kazi kubwa na za kujivunia. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na taa kuwaka chumbani. Baina ya nguzo na chumba pana ada ya kuunganishwa, pana waya za ndani, na kwa mpangaji pana ridhaa ya mwenye nyumba. Hata mwenye umeme, unapokatika usiku, hutafuta tochi. Huyo hana haja ya paneli. Achaji betri zake za NiMH katika soketi ya nyumbani, kwa umeme wa senti chache. Betri za kuchaji hazishindani na gridi. Huifaa nyumba kabla gridi haijafika, na huifaa baada ya kufika.

Wengine watasema kuwa siku hizi taa za jua zilizo kamili, zenye paneli na betri ya lithiamu ndani, ni bora zaidi. Kwa nyumba nyingi twakubali. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa na Benki ya Dunia na shirika lake la IFC mwaka 2007, ulisaidia kuweka vipimo vya taa hizo, nazo nyingi zilizopimwa ni nzuri. Lakini ulizeni swali moja kabla ya kununua: betri ya ndani ikifa, nitaipata wapi nyingine? Taa nyingi zimefungwa hata hazifunguki, na betri ikichoka taa nzima huwa takataka. Betri ndogo ya NiMH ina umbo linalokubalika dunia nzima. Ikichoka huitoa, ukatia nyingine, tochi na redio zikaendelea. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, na watengenezaji wa taa za jua hawana budi kuiiga.

Wa tatu ni ndugu zetu wafanyakazi, na swali lao ni zito. Je, betri zisizotupwa hazitaua viwanda vya betri na ajira zake? Tulitazame jambo hili bila woga. Kampuni ya Eveready iliyoanzishwa Nakuru, Kenya, mwaka 1967 ilikifunga kiwanda chake cha betri mwaka 2014. Jua halikukifunga. Kampuni yenyewe ilizilalamikia betri rahisi zilizotoka nje. Twajifunza kuwa kung'ang'ania kitu cha kutupa hakukuwalinda wafanyakazi wale. Kazi ya kesho imo katika kuunganisha chaja, kufunga paneli, kupima betri na kutengeneza vilivyoharibika, nayo ni kazi inayofanyika hapa hapa tulipo, mikononi mwa fundi wetu. Kijana aliyefundishwa kazi hiyo katika chuo cha ufundi hatakosa wateja.

Takataka zetu

Tena liko jambo la taka, ambalo wengi hulipuuza. Nyumba inayotupa jozi mbili kila mwezi hutupa betri 48 kwa mwaka. Zaenda wapi? Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 juu ya nchi kadhaa za Afrika ulionyesha kuwa watu wa vijijini, baada ya kuacha mafuta ya taa na kushika tochi za LED, huzitupa betri zilizokufa chooni au ovyo mashambani. Kila mmoja wetu ajua kuwa ni kweli, kwa kuwa ameyaona. Watoto hupasua betri kutoa kijiti cha kaboni waandikie ukutani. Betri nne za kuchaji zikidumu miaka mitatu huzuia mamia ya betri hizo kufika shambani.

Lakini betri za kuchaji nazo hufa, na hazifai kutupwa ovyo wala kutiwa motoni. Hatari kubwa kuliko zote iko kwa betri za gari, zile za risasi, ambazo nyumba nyingi huzitumia pamoja na paneli kubwa. Tukumbuke mkasa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa katikati ya makazi ya watu, risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, akasimama kupigania haki yao, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwanga wa mmoja usiwe sumu ya mwingine. Betri ikichoka irudi dukani ilikotoka, na duka lilazimike kuipokea.

Yapasayo kufanywa

Twamaliza kwa kusema yaliyo wazi. Shirika la Viwango lizipime betri za kuchaji ziuzwazo peke yake, kwa kuwa vipimo vya taa za jua vilitungwa kwa taa na mitambo kamili. Namba ya uongo ubavuni mwa betri ihesabiwe kuwa wizi, kama ratili pungufu. Vyama vya ushirika na vyama vya akiba na mikopo vinunue kwa jumla, vipime, ndipo viwauzie wanachama kwa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu shilingi 28,000 kwa siku moja ni mzigo hata kama huokoa 36,000 kwa mwaka. Vyama vya wafanyakazi viyapeleke mafunzo haya kazini. Wafanyabiashara waaminifu, nao wapo, wakubali kubadilisha betri iliyokufa kabla ya mwaka wake.

Sisi wenyewe tuanze na jambo dogo kabisa. Mwezi huu kila nyumba iandike fedha yote inayotoka kwa ajili ya betri, jozi kwa jozi. Mwisho wa mwezi tuizidishe kwa kumi na mbili, kisha tukae na majirani wanne tuzungumze. Yule ambaye hesabu yake itamwambia asinunue, asinunue wala asione haya. Na wale ambao hesabu yao itawaambia wanunue, wanunue pamoja, kitu kizuri, kilichopimwa. Jua litachomoza kesho kama lilivyochomoza leo, wala halitatuletea ankara. Kazi iliyobaki ni yetu.